Shingo ya Mchinjaji

Waislamu wa upande ule wa Ruangwa walikuwa na siku yao ya kuvunja jungu, kula na kushiba kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Wakristo, ambao walikuwa wachache kiasi cha kuenea kwenye mabenchi sita ya kanisa la udongo, waliona nao wasipitwe. Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima wakaiita vunja jungu vilevile. Siku hiyo nyama yote iliyomo ndani ililiwa, mafuta yakamalizwa, na jirani wa dini yoyote akakaribishwa, kisha kesho yake watu wakapakwa majivu. Padri aliyekuja kwa baiskeli kutoka Nachingwea mara moja kwa mwezi hakulipenda jina hilo, lakini hakuna aliyemuuliza.

Na kwa kuwa jirani ni Mwislamu, shemeji ni Mwislamu, na pengine hata mama mzazi ni Mwislamu, lilikuwepo jambo moja lisilohitaji kuelezwa. Mnyama wa sikukuu huchinjwa na Mwislamu, ili wote wale. Shingo hupewa yeye aliyechinja, akale na watoto wake. Mkristo akijichinjia mwenyewe, basi ajue atakula mwenyewe.

Lusiana alilijali jambo hilo kuliko wenzake wote wa mabenchi sita. Alizaliwa Mbwemkuru, akaitwa Zena, na alipofika miaka kumi na saba akampenda Selestini, seremala aliyeyatengeneza mabenchi hayohayo. Akabatizwa Lusiana, akaolewa. Baba yake akaapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekula chungu kimoja na Selestini, na baba huyo alikuwa mtu wa kushika kiapo kama wengine wanavyoshika fedha. Mama yake, Mwamina, hakumkana mwanawe. Alimpokea alipokwenda, akawabeba wajukuu mgongoni, wakakutana misibani na sokoni. Ila nyumbani kwa Lusiana hakukanyaga, miaka ishirini na mmoja, kwa kuuheshimu ulimi wa mumewe.

Mzee akafariki. Eda ikaisha, mwaka ukapita, na Januari ya mwaka wa hamsini na tatu Bashiri, kaka yake Lusiana, akaja na ujumbe kutoka Mbwemkuru. "Mama anasema mwaka huu kwenye vunja jungu yenu atakuja. Anasema anataka ale kwako kabla hajafa. Nitakuja naye, nichinje mimi."

Lusiana alicheka, halafu akalia, halafu akakandika sakafu ambayo alikuwa ameikandika juzi yake. Ilikuwa miezi ya njaa, mahindi yako shambani na ghala ni tupu, watu wanakula makopa, ule muhogo mkavu, asubuhi na jioni. Kuku walikwisha kwa ugonjwa wa kideri tangu Desemba. Alibaki mbuzi mmoja, beberu aliyehasiwa, ambaye mtoto wao Eustace aliwanunulia kwa mshahara wa kwanza alioupata kwenye mashamba makubwa ya karanga huko Nachingwea. Mbuzi huyo akalishwa kwa mkono mwezi mzima. Lusiana alimkatia majani mwenyewe na kumsemesha, hadi Selestini akamtania kwamba yeye hajawahi kusemeshwa vizuri hivyo.

Jumanne ikafika. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana, na kijito cha njiani kilijaa, kwa hiyo jua likapanda wageni hawajaonekana. Lusiana akaenda kisimani. Selestini alikuwa anapiga randa nyuma ya nyumba. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mkorosho ukingoni mwa korongo, akawa anazunguka shina anatafuta majani, kamba inazidi kufupika, mpaka miguu ya nyuma ikateleza akaning'inia kwa shingo.

Selestini alimkuta ulimi uko nje na macho yamegeuka. Akakata kamba, akamvuta juu. Mbuzi hakusimama, alitupa miguu tu. Selestini akamwita Mzee Yunusi, jirani yao Mwislamu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mzee Yunusi alikuwa shambani kwake anafukuza nguruwe, hakusikia kitu. Mbuzi alikuwa anakata roho, na akifa hivyo ni kibudu, haliwi na Mwislamu wala Mkristo wala mbwa mwenye adabu. Selestini akachomoa kisu, akachinja.

Lusiana aliporudi na ndoo kichwani akakuta mbuzi ameshatundikwa, anachunwa ngozi.

"Bashiri amefika?"

"Bado."

"Mzee Yunusi ndiye kachinja?"

Selestini hakuinua uso. "Mimi. Alikuwa anakufa, Mama Eustace. Nimemwita mzee mpaka koo limekauka."

Lusiana akaitua ndoo, akakaa chini palepale kwenye tope. Hakumlaumu. Angemlaumu kwa lipi? Alijaribu kutafuta mtu wa kumkasirikia, akamkosa. Mbuzi mwingine hakuna, kuku hakuna, na mama yake, mwanamke wa miaka sabini, yuko njiani anavuka maji ya magotini kuja kula kwa binti yake.

Aliyeyasema yaliyofuata ni Lusiana, si mumewe, na mimi nalisema hili wazi kwa sababu baadaye watu wengine walimsingizia Selestini. Selestini hakuwahi kudanganya maishani, ukiacha ule uongo wa kila seremala kwamba benchi litakuwa tayari Ijumaa.

"Tutasema kachinja Mzee Yunusi," Lusiana alisema.

"Mke wangu."

"Ni leo tu. Usiniongeleshe."

Wageni walifika jua la utosi. Mama mtu alikuwa amelowa hadi kiunoni, amechoka, na anacheka. Lusiana akapiga goti, akamshika miguu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Zena. Kumbe nyumba yako ina kivuli hivi, na mimi kule nakaa juani."

Bashiri akafungua kitambaa alichofungia kisu chake. "Mbuzi yuko wapi?"

"Tuliona mmechelewa," Lusiana akajibu. "Tukamwita Mzee Yunusi hapo jirani, akatuchinjia." Maneno yalimtoka kirahisi, na urahisi huo ulimtisha.

"Amefanya vizuri," Bashiri akasema, akakifunga tena kisu.

Bi Mwamina alikula. Alikula kama mtu aliyefunga miaka ishirini na mmoja, akamega ugali, akachovya mchuzi, akanyonya mfupa na kuugonga kwenye sinia utoe uboho. Akasema mapishi haya hakumfundisha yeye, labda malaika. Akaongezwa nyama, akaipokea. Lusiana alimtazama mama yake akifurahi, nayo furaha aliyoingoja tangu usichana ikawa iko mbele yake, haishikiki. Walipomaliza, mama akainua mikono, akaiombea dua nyumba ile, mume, watoto, hata mabenchi.

Kisha akainuka kwenda kunawa jikoni, kwa sababu ni jiko la mwanawe na hakuwahi kuliona. Huko akaiona shingo ya mbuzi imening'inizwa kwenye ugwe, haijaguswa.

"Zena. Hii shingo ya mchinjaji mbona ipo hapa?"

Katika mambo yote waliyoyapanga, shingo hawakuikumbuka.

"Hamjampelekea mzee wa watu? Aibu hii. Nipe kikapu."

"Nitampelekea mimi, mama, wewe umechoka."

"Nitampelekea mwenyewe. Amenifanya nile kwa mwanangu, nisimshukuru?"

"Bado yuko shambani."

"Si yule pale anaosha jembe?"

Na kweli, Mzee Yunusi alikuwa amesharudi, yuko mlangoni kwake, hatua sitini, anaosha jembe. Bi Mwamina akashuka njiani na kikapu mkononi, anapepesuka kidogo kwa shibe. Lusiana alitaka kumkimbilia. Alitaka kumwita. Alibaki ameshika mlango, na hadi uzee wake hakuweza kueleza kwa nini hakutoka pale.

Aliwaona wakiamkiana. Akaona kikapu kinatolewa, na Mzee Yunusi anakitazama, anatikisa kichwa, anaonyesha kwa mkono upande wa mashamba. Mzee yule hakuwa na kosa, aliulizwa akajibu. Mama yake akakiweka kikapu chini, akachutama kwenye mtungi wa mzee, akachota maji, akasukutua. Akatema. Akachota tena, akasukutua, akatema. Lusiana alihesabu mara saba.

Bashiri alipoelewa alimfuata mama yake, akamwambia, "Hukujua, mama. Huna dhambi."

"Najua sina."

Alirudi hadi ukingo wa uwanja, hakuingia. Selestini alikuwa amesimama amevua kofia. Lusiana akapiga magoti palepale mlangoni.

"Alikuwa anakufa, mama. Tulikuwa hatuna kingine."

"Ningekula makopa, mwanangu," mama yake akamjibu, bila ukali wowote. "Nimekula makopa mwezi mzima. Nilikuja kwako, sikuja kwa mbuzi."

Akamwambia Bashiri waondoke, maji ya kijito yasije yakapanda. Lusiana akamwita, "Mama." Bi Mwamina akajibu, "Abee, Lusiana," akaendelea na safari. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kumwita kwa jina hilo.