Siku Mama Zetu Walipotupanga Mstari

Enzi zetu, huku upande wa Gesima, kwenye milima ya chai, hakukuwa na mtoto aliyejua tarehe aliyozaliwa, na hakuna aliyepungukiwa na kitu kwa kutoijua. Keki ya siku ya kuzaliwa tuliiona kwenye kalenda iliyotundikwa dukani, tukadhani ni aina ya kofia. Ukitaka kujua umri wa mtu ulitazama kimo chake. Mrefu ndiye mkubwa, mfupi ndiye mdogo, mambo yakaisha hapo.

Kwa kipimo hicho mkubwa wetu alikuwa Ombati. Alikuwa na mabega ya mtu mzima na sauti ya kuitia ng'ombe wa mlima wa pili, na ukubwa wake aliutumia vilivyo. Mvua ya alasiri ikikatika, tulikuwa tukichuna magome ya mgomba, tunayakalia na kuteremka mteremko wa nyuma ya shule mpaka karibu na kijito, matope hadi masikioni. Wa kwanza kuteremka alikuwa Ombati. Mpira wa soksi wa mchezo wa kati, wa kumlenga aliye katikati, aliushika Ombati. Ugali wa wimbi ukisongwa nyumbani kwetu, ukoko wa chunguni ulikuwa wa Ombati, hata kama alikuja kututembelea tu, tena bila kualikwa. "Mimi ndiye mkubwa wenu," alisema, na sisi tulisogea. Sketi yangu ya shule ilitoboka nyuma kwa ajili ya ule mteremko, mama akatia kiraka, kiraka kikatoboka, akakitia kiraka kingine. Alinigombeza kila mara, lakini hakunikataza kwenda.

Msidhani tulikuwa watu wa kucheza tu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, tulikuwa shambani na vikapu mgongoni. Umande ulitulowesha hadi kiunoni, na vidole viliganda mpaka huwezi kufunga kifungo cha shati. Ndipo tulipokimbilia shuleni, miguu mitupu, ndizi mbivu mkononi. Vijana wa leo nikiwaambia hivyo wananiuliza kwa nini hatukupanda bodaboda. Nami nawajibu kwamba bodaboda ya wakati huo ilikuwa ni kuogopa kiboko cha mwalimu wa zamu, na ilikwenda kasi kuliko hizi zao.

Basi tulipofika darasa la nane, mwalimu wetu wa darasa, mtu mpole ambaye sauti yake ilikuwa haifiki dawati la nyuma, alisimama mbele na kusema kila mtahiniwa alete cheti cha kuzaliwa. Asiye nacho hataandikishwa mtihani. Alilisema bila kupaza sauti, ila siku hiyo tulimsikia hata sisi wa nyuma.

Niliogopa. Naweza kuwaambia sasa kwamba niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nyoka au mvua ya radi. Dada yangu alikuwa amekosa mtihani kwa sababu ya ugonjwa, akaambiwa asubiri nyumbani mwaka mmoja tu, na ule mwaka mmoja ulimpeleka moja kwa moja kwenye ndoa. Msichana wa mlima wetu akikaa nyumbani mwaka mmoja na kikapu cha chai mgongoni, hakuna aliyemkumbuka tena kama mwanafunzi. Mimi nilitaka kusoma. Nilikuwa nimeshajiona katika sweta la shule ya sekondari, na nilikuwa nalijua hata rangi.

Tulikuwa saba tusio na cheti. Tulizaliwa nyumbani, kwa mikono ya mkunga mmoja, na yule bibi alikuwa amefariki bila kuandika hata jina moja, maana kuandika hakujua. Katika rika letu ni Nyaboke pekee aliyezaliwa hospitalini, kwa sababu mamake alibanwa na uchungu akiwa mjini kwa dadake. Nyaboke alikuwa na kadi ya kliniki yenye mhuri, na wiki hiyo alitembea kama mtu aliyemeza rula.

Baba alinipeleka kwa naibu wa chifu, Mzee Nyakundi, aliyekuwa na ofisi ya mabati na mhuri aliouficha ndani ya soksi. Akamuuliza baba nilizaliwa lini. Baba akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ni mwaka ule mvua ya mawe ilipochanachana chai yote.

"Mwalimu wangu," Mzee Nyakundi akamwambia (baba hakuwa mwalimu, ni heshima tu), "nitajie mwaka mmoja ambao mvua ya mawe haikuchana chai huku kwetu, hapo tutaelewana."

Alikataa kusaini tarehe ya kubuni. Alisema serikali haiandiki mvua. Lakini hakutufukuza. Alituma habari mjini, na Jumanne iliyofuata akaja karani wa usajili wa vizazi, dada mmoja kutoka pwani aitwaye Bi Zuhura, amejifunga leso juu ya sweta mbili kwa baridi. Baraza lilifanyika kwenye kituo cha kupimia majani chai, kwa sababu ndicho chenye paa kubwa. Watu walijaa. Nadhani nusu yao walikuja kumsikiliza akizungumza, maana Kiswahili chake kilitiririka, na chetu kilikuwa kikipanda mlima na mzigo.

"Wazazi wangu wapenzi," alisema, "nimekuja kuwasikiliza nyinyi. Nitajieni siku, mwezi na mwaka, nami nitaandika."

Wakasimama kina baba, kwa kuwa barazani wao ndio wasemao. Baba wa kwanza akasema, "Huyu mtoto yangu ilizaliwa wakati ya kupanda mahindi." Bi Zuhura akamuuliza ni mwaka upi. Baba yule akatazama paa. Wa pili akataja mwaka, mwenzake akambishia, wakaanza kubishana juu ya fahali aliyeuzwa mwaka huo. Babake Ombati akatoa tarehe kamili, siku, mwezi na mwaka, kwa sauti ile ile ya ukoo wao, nasi tukamwonea fahari. Bi Zuhura akaandika, akapiga hesabu pembeni ya karatasi, kisha akauliza kwa upole mzee alioa mwaka gani. Mzee akautaja.

"Basi kwa maneno yako, baba, mwanao amezaliwa miaka miwili kabla hujamuoa mamake."

Watu walicheka mpaka mzani wa chai ukatikisika. Mimi sikucheka. Nilimwona Bi Zuhura akikunja karatasi zake. Alisema hawezi kuweka sahihi yake chini ya mambo kama haya, na kwamba muhula huo hatarudi, ana vijiji vingine vingi. Akafunga mkoba. Machozi yalinitoka pale pale, mbele ya Ombati na kila mtu, wala sikuyafuta.

Ndipo mama akasimama. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akifungua mdomo barazani, alitoka kwenye kundi la wanawake kule nyuma na kanga yake yenye madoa ya utomvu wa ndizi.

"Karani, ngoja kwanza. Hii wazee hawakukuwa kwa nyumba siku hiyo. Hiyo maneno uliza sisi."

Hakungoja ruhusa. Alimshika Nyaboke mkono akamsimamisha karibu na mzani. Kisha akanishika mimi akaniweka nyuma ya Nyaboke.

"Mimi nilipojifungua huyu," akasema, "mama Nyaboke ndiye aliniletea uji."

Lazima niwaeleze. Kina mama wa mlima wetu walikuwa na desturi yao. Mwanamke akijifungua, uji wa wimbi wa kwanza haupikwi na mama mkwe wala na dada. Unaletwa kwenye kibuyu na yule jirani aliyejifungua karibuni kabla yake. Walisema huyo ndiye ambaye bado anakumbuka jinsi inavyouma, kwa hiyo hatauleta ukiwa umepoa. Na ukiletewa, zamu inayofuata ni yako. Hakuna mwanamke anayesahau nani alimletea uji siku kama hiyo, na hakuna anayesahau alimpelekea nani. Wanaume walikuwa wakikiona kile kibuyu kikipita njiani miaka yote, na hakuna aliyewahi kuuliza kinakwenda wapi.

"Ulipoletewa uji, huyu Nyaboke alikuwa mkubwa kiasi gani?" Bi Zuhura akauliza. Mkoba ulikuwa umefunguka tena.

Mama Nyaboke akajibu yeye mwenyewe. "Nilienda na yeye kwa mgongo. Kitovu haijaanguka bado."

Bi Zuhura akaitazama kadi ya kliniki, akaitazama kalenda, akatabasamu. Kitovu ni siku chache tu. Akaandika. Hivyo ndivyo nilivyopata siku yangu ya kuzaliwa, na mpaka leo ndiyo iliyo kwenye kitambulisho changu.

Baada ya hapo kina mama hawakuzuilika. Walikuja mbele wote pamoja, wakituvuta huku na huku kama miche inayohamishwa kitaluni. Mama akasema alipopeleka uji kwa jirani wa chini, mimi nilikuwa nimeanza kucheka na watu. Yule jirani akasema alipopeleka wake, mtoto alikuwa anainua shingo. Mwingine akasema wake alikuwa ameketi, ila bado anaangukia upande. Kila jambo Bi Zuhura aliligeuza kuwa wiki, akasogeza kidole kwenye kalenda, na alipobabaika kina mama walimsaidia, maana mtoto anacheka lini na anaketi lini walilijua kuliko kitabu chake. Kina baba walibaki wakitikisa vichwa.

Katikati ya shughuli hiyo Bi Zuhura alitaka kuhakikisha tumetimia, akaanza kutunyooshea kidole, mmoja, wawili. Bibi yangu, ambaye sisi tulimwita magokoro, akatoka alikokuwa ameketi, akamshika kile kidole, akakikunja ndani ya kiganja chake.

"Yaya," akasema, yaani hapana, na mengine Mzee Nyakundi akamfasiria: kwetu watoto hawahesabiwi, wanatajwa. Basi Bi Zuhura akatutaja majina, mmoja baada ya mwingine, na bibi akaachia kidole.

Mstari ulikuwa umekamilika isipokuwa kwa mtu mmoja. Ombati alikuwa amejisimamisha mwenyewe mbele kabisa, mbele hata ya Nyaboke na kadi yake. Mamake alikuja akamshika sikio.

"Wewe unasimama wapi? Mimi uji yangu ililetwa na mama Kerubo, na Kerubo alikuwa na meno mbili. Aliniuma kidole nikimbeba. Kwenda huko nyuma."

Alimpeleka mpaka mwisho wa mstari, nyuma ya Kerubo, msichana ambaye kichwa chake kilimfikia Ombati kifuani. Ombati akawa kitinda mimba wetu. Nawaambia, tulipiga kelele mpaka walinzi wa kiwanda cha chai lazima walitusikia. Nilicheka huku machozi ya mwanzo hayajakauka. Ombati alisimama pale, mrefu kuliko mstari wote, akasema kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia, "Lakini mimi ndiye mkubwa."

Mzee Nyakundi akatoa mhuri kwenye soksi. Wino ulikuwa umekauka, akaukinga kwenye matone ya mvua yaliyokuwa yakidondoka ukingoni mwa paa, akagonga karatasi saba moja baada ya nyingine. Vyeti vilifika kabla ya siku ya mwisho. Nilifanya mtihani, nikapita, na lile sweta nililivaa, ingawa rangi yake ilikuwa tofauti na niliyoiota na mikono ilinifika kwenye kucha. Baba alimwambia kila mtu njiani kwamba yeye alijua tangu zamani tarehe yangu, alitaka tu kumpima karani. Mama alimwacha aseme.

Na Ombati? Alasiri iliyofuata tulimwambia ateremke wa mwisho. Alinuna, akangoja, na zamu yake ilipofika sisi sote tulikuwa tumeshalainisha matope yale, akateleza akapita kijito, akaenda kukomea kwenye shamba la viazi la watu. Tangu siku hiyo hakutaka tena kuwa wa kwanza.

Siku hizi mimi ni mtu wa takwimu. Kazi yangu ni kukusanya hesabu za vijiji, wangapi wamezaliwa, wangapi wana vyeti, wangapi hawajui waende wapi kutafuta haki yao, ili wapangaji wa mambo wajue pa kupeleka huduma. Naipenda kazi hii. Mpwa wangu aliomba cheti kwa simu akiwa amelala kitandani, kilipochukua siku mbili akalalamika kwamba serikali imelala. Anajua alizaliwa saa ngapi na dakika ngapi. Jirani anayelima mpakani kwao hamjui hata kwa jina la utani.

Juzi mama alikuja kunitembelea mjini Kisii, kwenye ghorofa ninakokaa na binti yangu. Nilimwonyesha cheti cha mjukuu wake, safi, kimechapwa, hakina hata doa. Alikigeuza, akakisifu, akanirudishia.

"Ni kizuri," akasema. "Na hapa kwenu, nani alimtangulia? Aliyemfuata ni nani?"

Naweza kuwatajia idadi ya waliozaliwa kata yetu nzima, hata kata za mbali ambazo sijawahi kuzikanyaga. Nikamgeukia binti yangu, ambaye sasa ana miaka tisa, nikamuuliza anitajie mtoto yeyote wa jengo letu aliye mkubwa kuliko yeye. Aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Mami, si kuna wa pale juu, yule wa baiskeli. Lakini jina sijui."

Tumeishi kwenye ghorofa hiyo tangu azaliwe.