Mama Vigingi alivyowazuia wenye majembe hadi maua yafunguke

Kila neno katika simulizi hii ni kweli tupu. Nimemwapia mwenyewe anayesimuliwa: akinikamata na uongo hata chembe, nitambebea furushi lake la vigingi mpaka kileleni, mimi na magoti yangu haya ya ustaafu.

Ni asubuhi, jua bado limejificha nyuma ya kilele. Baridi ni kali hata kivuli changu kimegoma kutoka kibandani. Kimebaki kikiota moto. Mama Vigingi amelala kifudifudi mteremkoni, juu ya umande ulioganda. Nami nimelala kando yake, jembe la mtu likining'inia juu ya kisogo changu.

"Shemeji, inuka," anasema msimamizi wa njia, mdogo wa mumewe. "Hawa wanalipwa kusimama?"

"Walipwe. Kusimama nako ni kazi."

"Maua yenyewe yanafanana! Haya ya manjano yamejaa mlima mzima."

"Wewe na kaka yako mnafanana. Umeshasikia nimekosea mlango?"

Wenye majembe wanacheka hadi msimamizi anawageukia.

Kazi ya mama huyu ni kupita kabla ya njia ya wapanda mlima kuchimbwa, na kupiga kigingi kando ya kila ua adimu. Zamani alikuwa akifagia kibanda cha wageni. Maua alijifunza kwa kulala chini na kuyatazama, na suruali yake ina viraka magotini na tumboni. Mshahara unamlisha, unamsomesha bintiye, kisha unaisha.

Ua analolitetea analiita mkaidi, kwa sababu ukilihamisha linakufa. Pacha wake, anayemwita mwenyeji, huota popote. Petali ni zilezile, rangi ileile. Tofauti iko chini ya petali: vile vijani vidogo vinavyolishika ua, kwa mwenyeji huzikumbatia petali, kwa mkaidi hukunjika na kuangalia chini. Lakini ua likiwa limefumba kwa baridi, huwezi kujua.

Na leo yote yamefumba. Kamba ya njia mpya imepita katikati yake.

"Ng'oa vigingi, shemeji. Nitakuombea kazi nyingine."

"Jua likitoka, yakiwa ya mwenyeji, nitang'oa mwenyewe na kazi nitaacha. Kabla ya hapo, chimbeni mkipitia mgongoni kwangu."

Hakuna anayeinua jembe.

Jua linavuka kilele. Ua la kwanza linafunguka taratibu. Msimamizi anainama, analigeuza kwa kidole, anatabasamu.

"Njoo uone. Vijani vimekumbatia. Mwenyeji huyu!"

Mama Vigingi anasogea kwa viwiko, anatazama. Kisha anashika kigingi chake, anaking'oa na kumtupia msimamizi miguuni.

"Hili nililipigia kigingi jioni, wingu limetanda, ua limeshafumba. Nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Kosa langu. Haya, geuza na hayo mengine. Usiruke hata moja."

Msimamizi anageuza la pili. Vijani vimekunjika chini. La tatu, vimekunjika. Anaendelea hadi mwisho wa kamba, kofia ikiwa mkononi, tabasamu limemwishia. Anaifungua kamba mwenyewe na kuizungusha mbali, chini ya mteremko.

"Utatuzungusha mlima mzima, shemeji," ananung'unika.

"Mtanenepa mkikaa."

Nilipomuuliza kama hakuogopa kupoteza ajira, alinikazia macho. "Niliogopa sana. Lakini ningeng'oa siku ile, kesho ningelala kifudifudi nikitafuta nini?"

Msimu ujao anataka kuvuka kwenda upande wa pili wa kilele, ambako hakuna aliyewahi kupiga kigingi. "Wakisema hakuna kitu kule, nitawauliza nani alilala chini akaangalia."

Hapo ndipo simulizi yangu ilipoishia nilipomsomea Mama Vigingi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi ya kicheko, akanitazama.

"Ulilala kando yangu?"

"Kando kabisa."

"Mbona nilikuona dirishani mwa kibanda, na kikombe cha chai? Haya yote kakusimulia shemeji."

Nilijaribu kusema kwamba yule alikuwa kivuli changu. Aliingia ndani, akatoka na furushi la vigingi, akanifungia mgongoni mwenyewe, akavuta kamba mpaka nikaguna.

"Twende," alisema. "Na hicho kivuli chako kishike upande mmoja."