Siku Niliyosema "Tayari"

Siku yangu ya kwanza kwenye ndege ya huduma ya afya, Kapteni hakuniuliza kama najua kupiga sindano. Aliniketisha kiti cha nyuma, akavuta mkanda mpaka nikaguna. Akaniambia mkanda unakaa chini, kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni, na kamwe si juu ya blanketi, maana blanketi hubonyea na mkanda unabaki umelegea. Nilimwona mtu wa makuu. Mimi muuguzi mwenye cheti, miaka mitatu zahanati ya Karatu, leo nafundishwa kufunga mkanda kama mtoto wa chekechea!

Ilikuwa miaka ya sabini. Ndege ilikuwa ya injini moja na viti sita. Tulizunguka nayo kliniki za Ngorongoro mpaka Loliondo, tukitua kwenye viwanja vya nyasi ambavyo Kapteni alilazimika kwanza kupita chini sana kufukuza ng'ombe na pundamilia. Kabla ya kuruka nilipita kila kiti, nikashika kila mkanda kwa mkono wangu, kisha nikasema "Tayari." Bila neno hilo ndege haikuondoka. Nyie mnaoruka siku hizi huku mnakunywa juisi mnadhani mkanda ni urembo. Karibu na mlima Oldeani upepo huporomoka kutoka juu, na ndege huporomoka nao. Abiria waliyaita mashimo, Kapteni aliita msukosuko wa hewa. Nimeona chupa ya chai ikipasukia darini.

Wazee wa Kimaasai walinipa tabu. Mmoja alinieleza kwa upole kabisa kwamba anayefungwa kamba ni ndama. Nilimfunga hivyo hivyo, rungu lake nikaliweka chini ya kiti. Sikumwonea mtu haya, mpaka siku alipoletwa baba mkwe wangu.

Wanawe walimbeba kwa machela kutoka Mbulumbulu mpaka zahanati ya Karatu, tulikokuwa tumetua, barabara zimekatika kwa mvua za masika. Ngiri ilikuwa imejinyonga, yaani utumbo umebanwa kinenani na damu haipiti. Daktari Msaidizi wa zahanati alisema asipopasuliwa leo hospitali ya mjini Arusha, kesho tunachimba kaburi. Kapteni akatazama saa. Ilikuwa saa nane mchana, wakati mbaya, kwa sababu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, juu ya Manyara, joto la bondeni hupanda kugombana na baridi ya milimani. Akasema tutaondoka, lakini kila mtu afungwe barabara.

Sasa, kwetu ukweni mkamwana hamgusi baba mkwe. Hata sahani hampi mkono kwa mkono. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa wapi? Mzee alikataa katakata kulala mbele yangu, akakaa kitini na blanketi lake zito mpaka kifuani, jasho linamtoka. Hakuwa amewahi kupanda ndege. Nilimwekea ncha mbili za mkanda mapajani, juu ya blanketi, nikageukia dirishani ili asitiriwe.

"Baba, umefunga?"

"Nimefunga, Mama Paskali."

Nikamwambia Kapteni, "Tayari."

Dakika kumi za kwanza zilikuwa shwari, nami nikaanza kumshukuru Mungu. Tulipofika ukingoni ndege ilidondoka. Mzee aliinuka kitini mwili mzima, akagonga dari kwa utosi, akarudi chini kwa ubavu, shingo imekunjika begani. Blanketi lilimtoka, nikaona ncha za mkanda zinaning'inia, moja huku, moja huku.

Kapteni aliuliza bila kugeuka kama nilimfunga. Nikashika kifungio cha mkanda wangu nikifungue, nimfikie.

"Sista, usifungue wako," akasema. "Mfunge sasa hivi."

Nikajinyoosha kutoka kitini kwangu. Mzee alinishika mkono, damu inamwingia machoni.

"Acha, mama. Ni aibu."

"Siachi, baba."

Niliingiza mikono nyongani mwake, nikapitisha mkanda kwenye mifupa, nikavuta. Akalia kwa maumivu, nami nalia. Mdondoko wa pili ulikuja kabla sijaondoa mikono, na ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Safari hii mkanda ulimshika.

Alipasuliwa jioni ile, akapona ngiri. Shingo haikugeuka tena maisha yake yote.

Kapteni aliniuliza kama nilikiona kifungio kimefungwa. Nikasema sikukiona. Aliandika hivyo kwenye ripoti, nikatia sahihi, na Muuguzi Mkuu akaniondoa angani miezi miwili. Alinitendea haki. Lakini ukweni ripoti za ndege hakuna anayezisoma. Mzee aliporudi ukoo ulichinja kondoo, na mashemeji wakataka kujua ilikuwaje muuguzi wa nyumbani amwache baba avunjike shingo. Mzee akawakatiza.

"Mama Paskali alinifunga vizuri. Nilifungua mwenyewe, maumivu yalinizidi. Asiulizwe tena."

Niliinamisha kichwa. Nikala nyama.

Niliruka mpaka miaka ya themanini, nikafundisha wauguzi wengi. Waliosita kumshika mgonjwa niliwaambia mficha uchi hazai, wakacheka, wakashika. Sikuwaambia nilijifunzia kwa nani.

Sasa nimestaafu, nalima maharage, na Mzee tulishamzika. Matangani mashemeji walisimulia jinsi baba yao alivyokuwa mkaidi, hata akafungua mkanda angani. Watu walicheka mpaka machozi, na mimi nikacheka nao. Naona haya kwa kicheko kile kuliko kwa jambo lolote nililofanya kazini.

Mashemeji zangu, baba yenu hakuwa mkaidi. Hakufungua mkanda. Hakujua kuufunga, nami nilikuwa nimekaa pembeni yake, na sikumfunga.