Mafuta ya Nazi kwenye Breki

Harufu ya mafuta ya nazi yakiungua kwenye chuma naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi kisiwani, Kirongwe, na baba alikuwa amenunua gari lililokwisha kutumiwa na wengine huko bara. Ndilo lingempeleka mama hospitali Kilindoni siku zake za kujifungua zikifika. Lakini kila baba alipokanyaga breki lilivuta kushoto, na gurudumu la mbele la upande huo lilipata moto hata halishikiki. Baba hakupenda kufundishwa kitu na fundi. Akalifungua mwenyewe, akazipaka pini za breki, vile vyuma ambavyo breki huteleza juu yake ikibana na kuachia, mafuta ya nazi ya mama. Kwetu mafuta yale yalitibu kila kitu: nywele, bawaba za mlango, cherehani, hata kiuno. Mimi nilishika kopo tu.

Majuma mawili baadaye, tukimpeleka mama kliniki, mbuzi akakatiza njia. Baba akakanyaga breki, gari likachepuka kushoto na kugonga mnazi. Mama alijigonga paji la uso, akashika tumbo kwa mikono miwili. Sijawahi kuogopa vile.

Kwa rehema za Mungu, mimba ilisalimika. Fundi aliyeitwa kutoka Kilindoni alivua gurudumu, akatuonyesha pedi mbili za breki: ya nje nene, ya ndani imelika hadi chuma. Mafuta yalikuwa yamevimbisha mipira inayofunika pini, pini zikakwama, na breki ikawa inabana bila kuachia. Akanusa kidole chake.

"Nani katia mafuta ya nazi huku?"

Baba alitazama bandeji ya mama, kisha akanitazama mimi. "Mtoto huyu. Hasikii."

"Mwanangu, ungetuua," mama alisema taratibu.

Nilimsubiri baba ajirudi. Hakujirudi. Fundi alisugua pini kwa msasa, akabadilisha mipira, akapaka grisi inayofaa na kuweka pedi mpya pande zote mbili. Gari likapona. Mdogo wangu alipozaliwa, mama hakuniachia nimbebe peke yangu.

Siku hizi naendesha mimi, na baba, mzee sasa, hukaa kando yangu. Huwageukia wajukuu nyuma akicheka: "Mama yenu huyu alitaka kutumaliza kwa mafuta ya nazi!" Nadhani mwenyewe ameshaamini. Mama alifariki akiamini hivyo. Mimi nakanyaga breki, gari linasimama bila kuvuta popote, nashuka kumfungulia baba mlango.