Siku Nilipobeba Ndagala za Nabintu

Mwenye kucheka acheke, maana aibu hii nilijitafutia mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya soko zima hapa Uvira.

Nabintu ni rafiki yangu tangu usichana. Yeye anauza ndagala, vile visamaki vya ziwani, minye nauza mchele wa Luberizi, na nilikuwa nimemkopesha dola hamsini akaahidi kuzirudisha baada ya mwezi, ukapita wa kwanza, ukapita wa pili, kimya. Ningeweza kumfuata kwake jioni tukaongea taratibu (ndivyo watu wenye akili hufanya), lakini asubuhi hiyo niliamka na hasira, nikaamua nimkute palepale mezani pake, wateja wakisikia.

“Nabintu, nirudishie makuta yangu leo leo!”

Akanitazama, akasema polepole, “Mama Neema, tuongee nyumbani.”

“Nyumbani kufanya nini? Mwizi weye!”

Watu wakaanza kujaa, na minye nikishaona watazamaji ndipo nazidi, nikanyakua beseni lake la ndagala, nikajitwika kichwani, nikaondoka nalo kwa maringo kama bibi harusi. Sikufika mbali. Mvua ilikuwa imenyesha, nikateleza kwenye tope mbele ya wauza mihogo, beseni huko, minye huku, kikwembe changu cha kiunoni kimefunguka chote, ndagala mpaka kwenye nywele, na soko linacheka mpaka watu wanashikana mabega.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Nabintu. Alinifunika kwanza kwa kikwembe chake, ndipo akaanza kuokota samaki wake.

Kumbe jirani alikuwa ameshamwita mume wangu. Akafika anahema, akaangalia chini.

“Ile deni ilishaisha,” akasema. “Mtoto wetu Neema alipolazwa na malaria, weye ukiwa Luberizi kununua mchele, nilikwambia nililipa hopitali na makuta uliyoniachia. Nilidanganya. Ile makuta niliinywea pombe. Nabintu ndiye alilipa hopitali, dola hamsini zote, na minye nikamuomba anyamaze.”

Nikamgeukia Nabintu. “Na weye ukakubali nikutukane hivi?”

“Huyu iko bwana yako,” akajibu, bado anaokota. “Ningesema mbele ya watu, mungerudi nyumbani namna gani?”

Nililia palepale kwenye tope, sikujali tena nani anacheka.

Ndagala zile nilizinunua zote, tukazila wiki nzima na mchanga wake, mume wangu akipewa sahani ya kwanza kila siku, wala hakuthubutu kulalamika. Na sasa mtu akiwa na deni langu namfuata kwake, nakaa, namuuliza habari za watoto, halafu ndipo naulizia makuta, tena kwa sauti ya chini. Lakini kila Neema anapopita mbio uani, namshukuru Mungu kwa mwanamke yule aliyekubali kuitwa mwizi ili nyumba yangu isivunjike.