Taa ya Oili

Jirani amemwaga oili chafu uani, na harufu yake imenirudisha utotoni, njia ya Mvumi, ndani ya gari la mtumba alilonunua baba alipopunguzwa kazini. Tulikuwa tunamwahisha mama hospitali, uchungu umemshika. Taa nyekundu ya oili ikawaka.

“Baba watoto, simama uangalie.”

“Aah, huwa inawaka tu hiyo.” Akabandua plasta kidoleni, akaifunika taa, akakanyaga mafuta.

Injini ikagonga, ikazima porini. Baba alifungua boneti akainamia humo hata mama alipopiga kelele. Mdogo wangu alizaliwa juu ya kanga, hakulia.

Fundi wa Kizota alilifufua gari. Wageni wakija, baba hulipigapiga bodi: “Mjapani huyu hafi!” Mama huinuka, akaenda jikoni.