Masikio ya Bibi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ukiwa bado tumboni mwa mama yako. Mimi ni mama yako mdogo tu, sijaota hata mvi moja, lakini kosa halingoji mvi.

Tulitoka Thamesmead, mtaa wetu wa London, asubuhi, mama yako akiendesha, kwenda kituo cha jeshi la anga kuona ndege za kivita. Bibi yetu ndiye aliyeomba. Alikuja kututembelea kutoka Tanga, na Jumanne angerudi. Masikio yake yalikuwa yamekwisha, yamebaki kusikia vishindo vikubwa tu. Ukimsemesha, hutazama midomo yako na kutabasamu.

Mimi nilikuwa nimewaza wiki nzima. Akishtuka je? Moyo ukisimama je? Wakituzuia getini je? Nikanunua vikinga masikio vitatu, vikubwa kama bakuli. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sijawahi kuumwa, na hushtuka vilevile.

“Vikombe hivi,” Bibi akacheka nilipomvisha, “kahawa iko wapi?”

Tulipofika, ndege moja tu ndiyo ilikuwa imebaki kuruka siku hiyo. Ilipokaribia, Bibi akaanza kuvivua vikombe vyake. Nikavishika kwa mikono miwili, nikavikandamiza. Ndege ikapita juu yetu, ardhi ikatetemeka, kwisha.

Bibi akaitoa mikono yangu polepole.

“Mjukuu wangu, tangu nifike huku naona midomo tu. Hii nilikuja kuisikia.”

“Niliogopa utaumia, Bibi.”

Akanitazama midomo. “Uliniuliza?”

Nikamgeukia mama yako. “Dada, itarudi?”

“Imeshatua. Wewe nawe!”

Njiani Bibi hakuninunia. Alinimenyea chungwa, akanipa pande kwa pande. Hilo ndilo lililonichoma, na hata leo nikiona chungwa najiuliza ningefanyaje.

Basi mwanangu, kuuliza si ujinga. Umpendaye usimwogopee mpaka ukamziba. Mwambie hofu yako, muulize anataka nini, kisha ngoja jibu. Akishachagua, simama karibu naye, mikono yako ikiwa nyuma. Si rahisi. Anayekuambia haya juzi alikununulia helmeti ya kupandia bembea, na bado iko kwenye begi lake.

Mungu akujalie masikio mazima, mwanangu, na akuzungushie watu watakaokuuliza kwanza unataka kusikia nini.